Rangi ya Kola ya Stepan

Kazi ya Githinji ilikuwa kutengeneza watu. Mkewe, Phyllis, alipoulizwa kanisani mumewe anafanya nini hapa Doha, alijibu hivyo hivyo, kisha akangoja kidogo kabla ya kueleza. Katika karakana moja ya Sanaiya, eneo la viwanda, walijenga modeli za majengo ambayo bado hayajasimama: minara, hoteli, misikiti, maduka makubwa, yote ya kuwekwa juu ya meza ili mteja ayazunguke akiyatazama. Wengine walikata plastiki na mbao. Githinji alipewa watu. Alipaka rangi wanawake wenye mifuko, wanaume wenye kanzu nyeupe na watoto kwenye baiskeli, wote wadogo kuliko ukucha, akawagandisha milangoni na kando ya mabwawa ya kuogelea yasiyo na maji. Alikuwa amekuja Qatar kama seremala, kutoka Ol Kalou, na kazi hiyo ikamwangukia kwa sababu mikono yake haikutetemeka.

Ijumaa, nyumbani Muaither, alitengeneza wengine wa urefu wa kidole kwa raha yake mwenyewe. Kulikuwa na kinyozi na mteja wake, mwanamke anayechuma chai, mzee wa kanisa aliyevua kofia. Walisimama juu ya kabati la vyombo, na Phyllis aliwapiga picha kwa simu akawaonyesha watu. Ndivyo Shosho alivyowaona.

Jina lake hasa lilikuwa Antonina. Alikuwa bibi wa Kirusi, umri wake ukikaribia miaka tisini, aliyeletwa na binti yake Larisa aishi naye katika nyumba yao ya ghorofani pale The Pearl. Phyllis ndiye aliyekuwa muuguzi wake, kuanzia asubuhi hadi Larisa anaporudi kutoka kazini. Bibi huyo alikuwa amefundisha Kiingereza miaka mingi katika shule ya mji mmoja kando ya mto Volga, kwa hiyo yeye na Phyllis hawakuhitaji mkalimani. Siku ya kwanza kabisa Phyllis alimwita Shosho bila kufikiri, kama ambavyo angemwita bibi yeyote wa kwao. Alipomweleza maana yake, mzee akasema jina hilo libaki.

Moyo wa Shosho ulikuwa umechoka, na macho yake yalikuwa yameharibika katikati. Akitazama kitu moja kwa moja, kilipotea. Ilimbidi ageuzie uso pembeni, kama mtu aliyenuna, ndipo akione kwa ukingo wa jicho. Hivyo ndivyo alivyomtazama kinyozi wa Githinji kwenye simu ya Phyllis, uso umeelekea ukutani, kwa muda mrefu.

"Mume wako anaweza kunitengenezea baba yangu?" akauliza.

Githinji alikwenda Ijumaa iliyofuata, amevaa shati lake la kanisani. Larisa alimkaribisha vizuri, akampa chai, akaleta picha ndani ya bahasha ya plastiki. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe, ndogo, kona moja imekatika. Mwanamume amesimama kando ya bawa la ndege, mkono mmoja juu yake, kofia imelalia upande. Hakutabasamu na hakukunja uso. Aliitwa Stepan. Alikuwa rubani wa jeshi la Kisovieti, akaenda vitani kiangazi cha mwaka 1941, na katika mwaka wa pili wa vita aliruka na wenzake asubuhi moja na hakurudi nao. Hakukuwa na kaburi. Mama yake Shosho aliolewa tena, vitu vya Stepan vikatawanyika, ikabaki picha hiyo.

"Miaka yote hii nimekuwa na baba wa kijivu," Shosho akasema. "Nataka kumwona na rangi zake kabla macho hayajafunga kabisa. Rangi za kweli. Usinipambie."

Kisha akamweleza kitu kimoja anachokikumbuka. Baba alimnyanyua, shavu lake likagusa kola, na kwenye kola hiyo palikuwa na kitambaa cha rangi ya samawati, kama mbingu ya asubuhi isiyo na wingu, chenye ukingo wa uzi mgumu uliomkwaruza. Hakukumbuka uso wala sauti. Alikumbuka rangi na mkwaruzo tu.

Larisa alimsindikiza Githinji hadi kwenye lifti, akaomba radhi kwa sauti ya chini. Alisema mama yake alikuwa hajatimiza miaka minne baba alipoondoka, na kwamba jeshi zima lilivaa kaki, kila mtu anajua. Mtoto ambaye baba yake alikuwa mtu wa angani bila shaka angemvisha rangi ya anga. Alimwomba Githinji afuate picha.

Githinji alidhani itakuwa kazi ya wiki chache. Kaki ni kaki. Lakini alipoanza kutafuta aliona kwamba kaki si rangi moja. Kuna iliyoelekea kijani, iliyoelekea hudhurungi, na ile ya pamba iliyofuliwa na kupigwa jua hadi ikawa kama majani makavu ya mahindi. Sare zilizobaki kwenye makumbusho zilikuwa zimepauka. Picha za rangi alizoziona mtandaoni zilikuwa picha za zamani zilizopakwa juzi na watu waliokisia. Alijiunga na jukwaa la mafundi wa modeli, watu wa Poland, Brazili, Japani, ambao hawakuwa wamewahi kuonana na waligombana juu ya kijani kama majirani wanaogombania mpaka wa shamba. Hata hivyo walimsaidia. Alipoweka picha ya jaribio lake la kwanza walimwonyesha makosa mengi. Suruali haikupaswa kuwa kaki. Maofisa wa anga walivaa suruali ya buluu nzito, pana mapajani, iliyobana kwenye magoti. Kofia ile ndogo ya kukunjwa nayo ilikuwa buluu. Mkanda ulikuwa wa ngozi ya kahawia. Mwisho fundi mmoja akamwambia, kwa upole tu, kwamba shati la rubani wake lilikuwa na kijani cha askari wa misitu.

Githinji alizima simu, akaenda kusimama kwenye kibaraza, na Phyllis aliyekuwa akipika alimwona kupitia dirisha jinsi alivyoshika chuma cha kibaraza.

Baba yake Githinji alikuwa askari wa misitu kwenye ukingo wa Nyandarua, karibu maisha yake yote ya kazi. Alifariki kwa ugonjwa wa figo mwaka ule wa korona, ndege zilipokuwa zimesimamishwa. Githinji alitazama mazishi kwenye simu akiwa ameketi kitandani, Phyllis amemshika bega. Dada yake, Fiona, ndiye aliyeshika simu upande ule, na mtandao ulikatika na kurudi. Walipofunua jeneza kwa muda mfupi, koti alilovishwa marehemu lilionekana jeusi. Baadaye Fiona alisema lilikuwa lile koti la kijani la kazini. Kaka yao, Mike, akasema sivyo, ilikuwa suti ya kahawia ya kanisani. Kila mmoja alikuwa na hakika. Githinji hakutaka kuwaona wakibishana juu ya nguo ya marehemu, akaacha kuuliza. Lakini tangu siku hiyo hakuamini tena rangi yoyote aliyoiona kwenye simu, na alipomkumbuka baba yake ndani ya jeneza alimwona amevaa koti ambalo lilibadilika kila mara.

Phyllis alikuja akasimama karibu naye. "Baba Chelsea," alimwambia, kwa jina la binti yao aliyekuwa akisoma nyumbani Kenya, "ukitaka niwaambie huwezi, nitawaambia. Shosho ataelewa."

"Nitaweza," akasema. "Ila nimempaka rangi ya mtu mwingine."

Alimkwangua rubani yule shati lote, akaanza upya.

Swali lililobaki lilikuwa la kola. Kwenye picha ya Stepan vipande viwili vya kitambaa vilionekana vizuri, kimoja kila upande wa kola, vile vya kuonyesha cheo na kikosi. Mtandaoni alisoma kwamba marubani kweli walikuwa na vipande vya samawati, lakini vita vilipoanza wanajeshi waliokuwa mstari wa mbele waliamriwa kuvaa vya kaki, ili adui asiwaone kwa mbali. Je, vya Stepan vilikuwa vipi? Picha ilikuwa ya kijivu tu.

Aliyemsaidia hapo ni Cornelius, Mganda wa Mbale aliyechanganya rangi pale karakanani, ambaye ujanani alifanya kazi katika studio ya picha. Wakati wa chakula cha mchana alimweleza Githinji kwamba filamu nyingi za kale hazikuona kama jicho linavyoona. Nyekundu zilizitoa nyeusi, na buluu hafifu zilizitoa karibu nyeupe. Walipaka vipande vya kadi kwa rangi mbalimbali, wakavipiga picha kwa programu ya simu inayoiga filamu za aina hiyo. Kipande cha samawati kilitoka cheupe kama chaki. Wakakiweka kando ya picha ya Stepan. Vipande vya kola yake havikuwa vyeupe. Vilikuwa na kijivu kile kile cha shati.

Cornelius alisema kwamba, kwa anavyoona yeye, hiyo ni kaki. Githinji naye aliona hivyo. Alisikitika kidogo kwa ajili ya Shosho, lakini alikuwa ameambiwa asipambe.

Kazi ilichukua Ijumaa nyingi. Alimpa Stepan shati lililopauka mabegani, mahali jua linapopiga, na lililokoza kwapani. Alimpa suruali ya buluu nzito, buti zenye vumbi, mkanda wa ngozi, kofia ya kukunjwa. Mkono ulilala juu ya kipande cha bawa. Kola akaiwekea vipande vya kaki. Phyllis alipomwona amekamilika juu ya meza ya chakula alisema anaonekana kama mtu aliyeitwa na mtu, na bado hajageuka.

Walimpeleka pamoja. Larisa aliizima televisheni. Shosho aliketishwa karibu na dirisha kubwa linalotazama boti za starehe, akampokea rubani kwa mikono miwili, akamwinua usawa wa shavu, akageuzia uso ukutani. Walisubiri. Chini mtu aliosha boti kwa mpira wa maji, na sauti ile ilisikika mpaka juu.

"Ni yeye," Shosho akasema hatimaye. "Mmemfanya vizuri sana. Huyu ndiye aliyekufa." Alimzungusha polepole. "Lakini mimi nilikuomba yule aliyeninyanyua."

Larisa alianza kusema kitu kwa Kirusi, kwa sauti ile ya kumtuliza mgonjwa, na mama yake akamnyamazisha kwa kiganja. Githinji hakuona kwamba amelaumiwa. Alichokiona ni kwamba kuna jambo moja ambalo hakuwa ameuliza. Alimuuliza Shosho picha ile ilipigwa lini.

Shosho alisema ilikuja kwa posta kutoka mstari wa mbele wa vita. Mama yake aliibandika juu ya kitanda. Wakati huo baba alikuwa ameshaondoka, na theluji ilikuwa imeanguka.

Basi, Githinji akafikiri, ni siku mbili tofauti. Kuna siku ya picha, na kuna siku ya kunyanyuliwa ambayo ilikuwa kabla ya hapo, labda wakati wa vita kutangazwa, labda kabla. Kati ya siku hizo mbili ndipo amri ya kubadilisha vipande vya kola ilipotoka. Alilieleza jambo hilo polepole, akitafuta maneno ya Kiingereza, na alipomaliza Larisa alikuwa amekaa juu ya mkono wa kochi akiwa ameshika mdomo wake.

"Nimemwambia maisha yangu yote kwamba anajitungia," Larisa alisema. Hakumwambia Githinji. Alimwambia mama yake, kwa Kiingereza, kana kwamba alitaka wote wasikie.

"Ulikuwa binti mwenye akili," Shosho akajibu. "Watoto wenye akili wako hivyo." Akampapasa goti.

Larisa ndiye aliyetafuta kilichobaki. Katika mji wao kulikuwa na makumbusho madogo ya kikosi cha anga, vyumba viwili tu ndani ya jengo la zamani, na mwanamke mmoja aliyeyatunza alikuwa amesoma shule aliyofundisha Shosho. Larisa alimpigia mwanamke huyo simu ya video Ijumaa nyingine, Githinji akiwa ameketi kando yake, na kumtafsiria. Mwanamke yule alikuwa na shati moja la rubani la kabla ya vita, lenye vipande vyake vya kola. Alilileta dirishani. Kwenye simu vile vipande vilionekana vyeupe, na aliposogeza mkono vikawa vya zambarau.

Githinji akasema hawezi kutumia rangi hiyo. Aliomba radhi, akasema simu hudanganya, na anajua hilo vizuri. Ndipo Githinji akamweleza Larisa juu ya kadi za rangi za mafundi, zile zenye mamia ya vipande na namba zake, ambazo ni zile zile duniani kote. Walikuwa nayo moja karakanani. Kama yule mama angeipata kadi kama hiyo kwenye duka la rangi la huko, angeiweka juu ya kitambaa chenyewe, kwenye mwanga wa mchana, na kuwasomea namba.

Mwanamke wa makumbusho alivuka barabara hadi duka la rangi, akaazima kadi. Alitakiwa kuirudisha siku hiyo hiyo. Alisoma namba ya samawati, akasoma ya uzi wa dhahabu wa ukingoni. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Kipande kimoja cha kola kilikuwa kimelegea upande mmoja, uzi umeoza, na angeweza kukiinua kidogo bila kukiharibu. Chini yake shati halikuwahi kuona jua. Akaweka kadi pale pia, akasoma namba ya tatu. Ilikuwa kijani iliyokoza kuliko chochote alichokiona Githinji kwenye makumbusho yoyote mtandaoni, kijani yenye joto, kama majani ya chai kabla hayajakauka. Hivyo ndivyo shati la Stepan nalo lilivyokuwa lilipokuwa jipya.

Kabla Githinji hajaanza, Shosho alilazwa hospitali. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu. Phyllis alikwenda kukaa naye mchana, kama alivyokaa nyumbani, na Larisa alikwenda jioni. Madaktari walisema inategemea, na Phyllis, aliyekuwa muuguzi, alijua neno hilo hutumika lini. Alimwambia mumewe asubuhi moja wakinywa chai kwamba kama kuna kazi ya kufanywa, ifanywe sasa.

Githinji aliomba ruhusa kazini. Msimamizi alimpa siku chache, na Cornelius akajitolea kuwapaka wapita njia wa hoteli iliyokuwa mezani. Nyumbani Githinji alimjenga Stepan mwingine, bila ndege, mikono imekunjwa mbele ya kifua. Shati alilipa kijani kile ambacho jua halikukigusa. Kwenye kola aliweka samawati, na ukingoni uzi wa dhahabu mwembamba kiasi kwamba aliupaka kwa unywele mmoja uliong'olewa kwenye brashi. Kisha akafika kwa mtoto, akakwama. Hakuwa na picha ya mtoto. Alimwomba Phyllis amuulize Shosho alivaa nini.

Phyllis alimuuliza wakati akimgeuza kitandani. Shosho alicheka hadi akakohoa. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Watu waliuliza juu ya vita na juu ya njaa, wakauliza pia juu ya baba. Alifumba macho, akakaa hivyo, Phyllis akadhani amelala.

"Sijui," akasema. "Kwa kweli sijui, binti yangu. Ninamwona yeye tu. Mimi mwenyewe sijioni."

Phyllis alipoleta jibu hilo, Githinji alilichukua kama alivyopewa. Alimtengeneza mtoto mdogo, amegeuzia uso shingoni mwa baba yake, na akampaka kijivu, kijivu cha picha za zamani, kuanzia nywele mpaka viatu. Palipogusana shavu na kola ndipo rangi ilipoanzia.

Waliwapeleka baba na mtoto hospitalini ndani ya kibakuli cha chakula kilichojazwa pamba. Shosho alikuwa amewekewa mpira wa hewa puani na mikono yake ilikuwa imevimba, kwa hiyo Larisa alimshikia. Ilikuwa mchana, na Phyllis alilifungua pazia lote. Shosho aligeuzia uso upande wa mlango. Mhudumu aliyekuwa akiingia na toroli la chakula alidhani anatazamwa, akasimama.

Shosho alitazama. Midomo yake ilisogea. Larisa aliinama, akasikiliza, akaanza kulia bila sauti. Githinji hakuuliza alichosema, wala hakuwahi kuambiwa. Baada ya muda Shosho aliinua kidole kimoja, akakielekeza kwenye kola, akakirudisha kwenye shavu lake mwenyewe, mahali pale ambapo uzi ulimkwaruza.

Kisha akamwita Githinji karibu. "Mtoto huyu," akasema, "umefanya vema kutompamba."

Aliomba yule rubani wa kwanza aletwe pia. Kwa siku zilizobaki walikaa wawili juu ya kabati la kando ya kitanda, aliyekufa na aliyenyanyua, na wauguzi wa zamu waliwasogeza kwa uangalifu walipotaka kuweka dawa. Mmoja, Mfilipino, aliuliza kama ni ndugu. Shosho alijibu kwamba ni mtu mmoja, ila walipishana miezi michache.

Alifariki asubuhi, Larisa akiwepo. Phyllis alifika akamkuta tayari amefunikwa, akaomba aachwe amwoshe uso, wakamwachia.

Mwili ulipaswa kusafirishwa kwao. Mambo hayo yana mzunguko wake hapa, na Phyllis, aliyekuwa ameshawasindikiza Wakenya wenzake kadhaa kwa njia hiyo, alimwonyesha Larisa wapi pa kuanzia na wapi pa kusubiri. Kule mochari, kabla jeneza halijafungwa, Larisa alimvuta Githinji pembeni. Alikuwa na wale marubani wawili ndani ya mkoba wake. Alimuuliza aweke yupi.

Githinji alimwambia hilo si lake kuamua. Larisa akasema analijua hilo, lakini anaomba kusikia.

Githinji aliuliza kwanza koti gani wamemvisha mama. Larisa alionekana kushangaa. Akasema ni la buluu, la sufi, alilolipenda, lenye vifungo vikubwa. Githinji akaomba kuliona. Wakamruhusu. Alisimama juu ya jeneza kwa muda mrefu kuliko walivyotarajia, chini ya taa nyeupe za chumba kile, akalitazama koti kwa makini, kola yake, vifungo vyake, mshono wa mkononi. Phyllis alielewa, akamsogelea, akasimama naye mpaka alipotosheka.

"Mpe aliyemnyanyua," Githinji akasema. "Huyu mwingine ni wako. Wewe ndiye uliyemjua kwa picha."

Larisa alifanya hivyo. Alimlaza rubani kwenye mkunjo wa mkono wa mama yake, upande wa kola umegeukia juu.

Baada ya hapo Phyllis alipata kazi kwa mzee mwingine, hapo hapo Muaither, akaacha kusafiri mbali. Modeli ya hoteli ilikamilika ikachukuliwa. Kwenye jukwaa la mafundi watu waliuliza yule rubani wa Doha aliishia wapi, na Githinji aliwaandikia namba tatu za kadi ya rangi, ile ya samawati, ile ya uzi, na ile ya kijani cha chini ya kola, ili yeyote anayezihitaji azichukue. Mmoja aliomba picha. Aliandika kwamba hakupiga.

Larisa alipiga simu baada ya mazishi. Phyllis aliiweka mezani wote wawili wasikie. Alisema walimzika karibu na mama yake, kwamba wanafunzi wake wa zamani walikuja, wengine wazee wa kutembelea mkongojo, na kwamba yule mwanamke wa makumbusho alibeba maua. Ardhi ilikuwa imeganda na wachimbaji walipata taabu. Phyllis alimuuliza kama yeye mwenyewe amekula. Larisa akasema bado. Basi Phyllis akamwambia akale kwanza, kisha awapigie tena, hata kesho, hawaendi popote.

Simu ilipokatika, Githinji aliinuka. Alimwambia mkewe anataka kumpigia Fiona. Si kumuuliza kitu. Alitaka tu kuzungumza naye juu ya baba.